Salamu za Pasaka kutoka Tukuyu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwa niaba ya familia yote ya hapa Tukuyu, na kwa kuwa kaka zangu ni mabingwa wa kupokea salamu kuliko kuzituma, kazi hii imeniangukia tena mimi. Nawasalimu nyote, wa Dar es Salaam, wa Mbeya mjini, wa Kyela, na wadogo zetu walioko vyuoni ambao hukumbuka nyumbani wakiishiwa. Mungu ametuvusha Kwaresima salama. Jina lake lihimidiwe.

Tumevuka, ila si kwa wepesi. Mbolea imepanda, nauli imepanda, na mchele wa Kyela, unaolimwa hapo chini tu, tunaukuta sokoni kwa bei ya mgeni. Nguo mpya za Pasaka watoto wameambiwa wangoje Krismasi. Kuku mmoja ataliwa na nyumba mbili, na atatosha kwa uwezo wa Bwana.

Lakini hayo ya bei tungeyazoea. Lisilozoeleka ni kwamba kesho alfajiri, tukienda makaburini, tunaye mama huko. Alilala mwezi Agosti, na wengi wenu mlikuja kumzika pamoja nasi kwa machozi, Mungu awalipe. Kaburi lake bado ni udongo mtupu, mvua imelititiza upande mmoja, jana tumeshinda tukilipandisha na kung'oa magugu.

Mnajua mama aliutafuta uponyaji kwa miguu yake. Mwaka 2011 alikwenda Loliondo, na baadhi yenu mlichanga nauli. Nchi nzima ilikuwa njiani kwenda kijiji cha Samunge kunywa dawa ya Babu wa Loliondo, mawaziri kwa wakulima, wazima kwa wanaobebwa, magari yamepanga foleni porini kilomita kwa kilomita. Yeye alijipa moyo kwa jina la huyo Babu tu: Ambilikile Mwasapile, jina la kwetu hilo, tena mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Kikombe cha dawa kilikuwa shilingi 500. Umati ulipofurika Babu hakupandisha bei, na kwa hilo namheshimu mpaka leo, maana sasa kuna wanaouza chupa ya maji ya upako kwa fedha ambayo ungenunulia debe la mahindi. Babu mwenyewe alitangulia Julai 2021.

Mama alikunywa, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, anaimba. Alipopima, sukari ilikuwa palepale. Akarudia vidonge vyake bila kelele wala lawama. Alisema aliona Wakristo na Waislamu wamelala chini pamoja wakimwomba Mungu, na kwamba nauli yake haikupotea.

Kisha likaja lile lengelenge la kiatu. Wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani hawahitaji kusimuliwa. Hospitali ya kwanza ilituzungusha na karatasi za bima mpaka mguu ukaanza kubadilika rangi; ya pili wakaukata chini ya goti, na kidonda kikakataa kufunga.

Sasa niseme jambo ambalo msibani halikusemwa. Tangu baba azikwe, mama na shangazi hawakuwa wakisalimiana, kisa mstari wa migomba pale mpakani. Miaka na miaka wanapishana njiani kila mmoja akitazama kwake, na kanisani wote wawili wanapokea Meza ya Bwana. Kwaresima ya mwaka jana mama akaniambia, "Nenda kamwite wifi yangu." Shangazi akaja jioni, amejifunga kitenge, amebeba mtindi. Kama waliombana msamaha mimi sikusikia. Nilichosikia ni shangazi akiuliza, "Beseni liko wapi?" Akachukua maji yaliyochemshwa, akavuta kigoda, akaanza kufungua bandeji. Ilikuwa imegandia. Akawa anailowanisha kidogo kidogo, uzi kwa uzi, huku mama amekunja uso na kumwuliza habari za ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Akaja kesho yake, na kila jioni, mpaka mwisho. Kidonda hakikupona. Mama alianza kulala usiku.

Ndiyo maana mwaka huu Yohana 20 imenishika. Wanafunzi wamejifungia kwa hofu, Yesu anasimama katikati yao, "Amani iwe kwenu," kisha anawaonyesha mikono na ubavu. Siku nane baadaye, amani tena, na Tomaso anaonyeshwa matundu yaleyale. Aliyeshinda mauti hakushindwa kuyaziba! Aliyabakiza, na amani akaitoa akiwa na matundu hayo mwilini. Sisi tunangoja kwanza kidonda kifunge, deni liishe, mtoto apate kazi, ndipo tuseme tuna amani.

Kwa hiyo ndugu zangu, nivumilieni niseme kama dada yenu mkubwa. Mezeni dawa. Nendeni kliniki, pimeni sukari na presha, Mungu haoni wivu na daktari. Mtu akikwambia hukupona kwa sababu imani yako ni haba, ondoka hapo na sadaka yako mfukoni. Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Nani atasema Paulo alikuwa na imani haba? Na mwenye neno na ndugu yake asisubiri beseni. Migomba tunayogombea itatuzika sisi na wajukuu zetu. Mliojitoa kwenye kundi la ukoo kwa sababu ya ule mchango wa msiba, rudini, tumekwisha kuufunga ule ukurasa, na mweka hazina ni mwingine. Tusiende mezani pa Bwana tumenuniana, tukidhani Mungu anasoma midomo tu na hasomi mioyo.

Kesho kengele ya kwanza ni saa kumi na nusu alfajiri. Wale vijana Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walioanza kuimba makaburini asubuhi ya Pasaka mwaka 1732 hawakuyajua matope ya Rungwe. Nyinyi mnayajua, vaeni gambuti. Kwaya watangulie na tarumbeta, wazee wafuate na taa. Shangazi ameomba asimame upande wa kichwani pa mama, na nimemkubalia.

Bwana amefufuka! Amefufuka kweli kweli. Nawatakieni nyote heri na baraka za Pasaka, afya njema, amani na mafanikio, nyinyi na nyumba zenu. Wagonjwa Bwana awaguse, wafiwa awafariji, walioko safarini awafikishe salama. Shangazi anawasalimu sana, na anauliza nani kati yenu mnaokuja atabeba ngano ya maandazi, maana ya hapa dukani imekwisha.

Dada yenu mkubwa,
Tukuyu, Jumamosi Kuu