YAH: BOTI YA ALUMINIAMU KUTOBOKA NA DHAMANA KUKATALIWA

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Barua yenu tumeipata, na majibu yake kikundi chetu hakiyakubali. Mmeandika kwamba boti imeliwa na chumvi kwa kuwa hatuioshi kwa maji ya bomba, hivyo dhamana imekufa.

Boti hii mlituuzia kwa ajili ya bahari. Karatasi zenu zinasema bati lake ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya 5052, yenye magnesi, ambayo hustahimili maji ya chumvi. Kama chumvi ndiyo iliyotoboa, mbona mbavuni hakuna hata doa? Tazameni picha tulizoambatisha. Mashimo yako kuzunguka valvu ya kutolea maji kule tezi (nyuma ya boti), chini ya plaiwudi ya sakafu, na kwenye mikwaruzo ya mkuku (uti wa chini wa boti), pale boti inapopwelea maji yakitoka. Kote huko kuna shaba, na aliyeiweka si sisi.

Shaba na aluminiamu zikigusana kwenye maji ya bahari huzalisha umeme kama wa betri, na kinacholika ni aluminiamu. Fundi wenu alifunga valvu ya shaba moja kwa moja kwenye bati, bila hata washa ya plastiki katikati. Rangi ya chini ya boti nayo, kopo lake tunalo, limeandikwa oksidi ya shaba. Kwa jahazi la mbao au boti ya faiba ni rangi nzuri. Kwa aluminiamu ni sumu, hasa ikikwaruzika. Plaiwudi imetiwa dawa ya kuzuia kuoza yenye shaba hiyo hiyo, na inalalia bati ikiwa na unyevu muda wote. Hayo maji ya bomba tungeyapitishaje chini ya sakafu mliyoipiga ribiti (misumari ya kugongwa pande zote mbili)?

Halafu kuna zinki. Mlifunga kipande kimoja, mkakipaka rangi! Mwakilishi wenu alikigusa akatuambia bado kizima. Naam, kizima kabisa, na hilo ndilo tatizo. Zinki kazi yake ni kulika badala ya boti, na haiwezi kulika ikiwa imefunikwa rangi.

Kuhusu uvujaji, tuliipandisha boti nchi kavu, tukamimina maji kiasi ndani na kuweka alama ya chaki kila yalipodondoka. Mengi yanatoka kwenye ribiti zilizolegea. Silikoni mliyotuletea ilibanduka mapema tu, kwa sababu ribiti inayocheza haizibwi kwa kupakwa kitu juu. Inagongwa upya au inabadilishwa, kisha inazibwa kwa gundi ya poliyurethani ya boti. Kwa sasa vijana wanafua maji kwa ndoo wakati wa kuvua.

Tunataka mbadilishe mabati yaliyotoboka na ribiti zilizolegea, mng'oe plaiwudi na valvu hiyo mtuwekee ya plastiki ngumu, mkwangue rangi yote ya shaba, na mfunge zinki za kutosha zisizopakwa chochote. Gharama ni zenu, pamoja na usafiri wa kuipeleka boti Dar es Salaam na kuirudisha Tanga.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Tusipolipata, shauri tutalipeleka Tume ya Ushindani, pamoja na kopo la rangi.

Wenu,

Katibu wa Kikundi cha Wavuvi,
Tanga.

Nakala: Mwenyekiti wa Kikundi