Kwa Nini Tunaahirisha Matembezi ya Mtoni Siku ya Jua

Sisi tunaoongoza wateja kwa matembezi katika miji ya kale hatuna ujumbe unaoleta malalamiko mengi kama huu: "Matembezi ya kesho kando ya mto yameahirishwa." Mteja anaupokea, anafungua dirisha, anakuta anga safi bila hata wingu. Anatupigia simu. Ameomba ruhusa kazini, watoto wamejiandaa, viatu viko mlangoni tangu jana. Mtu huyo anastahili kuelezwa vizuri, na simu ya dakika mbili haitoshi.

Mto unaopita mjini haubebi mvua ya mji huo peke yake. Maji unayoyaona chini ya daraja yalinyesha mbali, vilimani, pengine jana, pengine juzi. Yakateremka kwa vijito, vijito vikaingia mito midogo, mito midogo ikaungana, na yote sasa yanapita pale tunapotaka kukanyaga. Mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, unaonyesha jambo hili waziwazi. Mto Ouse unaoukatiza mji huo unapata maji kutoka mito ya Swale, Ure na Nidd, inayoshuka kutoka nchi ya vilima na mabonde iitwayo Yorkshire Dales. Mvua kubwa ikipiga huko juu, York yaweza kuwa na jua huku maji yakipanda ngazi za gati moja baada ya nyingine, hadi barabara ya ukingoni inapotea. Novemba 2000 Ouse ulipanda takriban mita 5.4 juu ya kiwango chake cha kawaida.

Kwa hiyo siku mbili kabla ya matembezi hatutazami mawingu ya mjini tu. Tunasoma vipimo vya kina cha maji vya sehemu za juu za mto, tena tunavisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu namba moja peke yake haisemi kitu. Kina kile kile kina maana moja mto unapopanda, na maana nyingine kabisa unapopungua. Mto mfupi wa mteremko mkali unajaa na kupungua ndani ya saa chache. Mto mrefu wa tambarare unachukua siku kadhaa kujaa na siku nyingi zaidi kurudi. Mji ulio karibu na bahari una jambo jingine: maji yakijaa baharini, mto unakosa pa kutokea. Ndiyo maana hatuna kanuni moja kwa mito yote.

Sasa kuna jambo la miji ya kale hasa. Njia nyingi tunazozipenda kando ya mito hazikujengwa kwa ajili ya matembezi. Zilikuwa njia za kazi. Mashua zilivutwa na farasi kwa kamba, na farasi alilazimika kupita karibu na maji. Chini ya baadhi ya madaraja bado utaona mifereji myembamba kwenye kona za mawe, iliyochimbwa na kamba hizo kwa miaka mingi ya kusuguana. Tukiifikia huwa tunasimama na kumwomba kila mtu apitishe kidole. Watengeneza ngozi, wafua nguo, wenye vinu vya kusaga nafaka, wote walitaka kuwa chini, maji yalipo. Basi njia hiyo ndiyo ya kwanza kuzama mto unapopanda. Tena mara nyingi imebanwa: upande mmoja ukuta mrefu, upande mwingine mto, na ngazi ya kutokea iko mbali mbele.

Mwaka wetu wa kwanza tulijifunza hilo kwa miguu yetu. Tulisimama muda mrefu chini ya daraja tukisimuliana habari, na tulipogeuka kurudi, bonde dogo la njia tulilopita likiwa kavu lilikuwa limefunikwa. Maji hayakufika hata nusu ya muundi. Tulimbeba mtoto mmoja, tukashikana mikono, tukavuka, hakuna aliyeumia. Lakini maji yale yalikuwa yanakimbia, tena ya rangi ya udongo, na hatukuweza kuona njia inaishia wapi na mto unaanzia wapi. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Tangu siku ile hatubishani na kipimo.

Swali la pili tunaloulizwa ni hili: maji yameshashuka, mbona bado hamwendi? Hapa ndipo tunapoonekana waoga kupita kiasi, ingawa hatari yake ni ya kweli. Mto ukijaa, udongo wa ukingo unanyonya maji na kuwa mzito, lakini maji ya mto yenyewe yanaukandamiza kwa nje na kuushikilia. Mto ukishuka haraka, lile egemeo linaondoka ilhali udongo bado mzito. Kipande cha ukingo kinaweza kuanguka siku nzuri kabisa, ndege wakiimba. Juu ya mawe ya njia panabaki tope laini linaloteleza kuliko sabuni. Kwa hiyo kabla ya kuwaita wateja, mmoja wetu huitembea njia yote akiwa na fimbo ya kuchokoa ukingo.

Watu wanaoelewa haraka kuliko wote ni wale tuliokwisha kuwasimamisha mbele ya alama za mafuriko. Miji mingi ya mtoni inazo: mistari iliyochongwa ukutani, kila mmoja na mwaka wake. Kule Passau, Ujerumani, inapokutana mito mitatu, Danube, Inn na Ilz, alama hizo ziko kwenye ukuta wa jengo la halmashauri ya mji. Juni 2013 maji yalifika mita 12.89, kiwango ambacho mji haukuwa umekiona tangu 1501. Paris wanayo sanamu ya askari, Zouave, kwenye daraja la Alma. Watu humtazama miguuni kujua mto Seine umepanda kiasi gani. Mwaka 1910 maji yalimfika mabegani. Na kule Prague, Jamhuri ya Czech, Daraja la Charles, lililoanza kujengwa 1357, lilipoteza matao matatu mwaka 1890 baada ya magogo yaliyoletwa na mafuriko kurundikana kwenye nguzo zake. Ukiliona daraja la kale lenye nguzo zilizochongoka kuelekea mto unakotoka, jua kwamba ncha hizo zilichongwa kuyapasua maji na kuyapunguzia nguvu.

Tukiahirisha, malipo yako yanabaki salama na unachagua siku nyingine bila nyongeza yoyote. Usipoweza kusogeza siku, tunapita njia ya juu: madarajani, kandokando ya kuta za mji, penye ngazi na viwanja. Tunakuomba usiidharau. Kule Durham, Uingereza, mto Wear unauzunguka mlima wenye kanisa kuu lililoanza kujengwa 1093, na mtu aliyesimama juu ya daraja liitwalo Prebends Bridge anaona minara ya kanisa ikichomoza juu ya miti kwa namna ambayo aliye chini kwenye njia haioni. Mto uliojaa, ukitazamwa kutoka daraja imara, una fahari yake.

Kuhusu viatu: vaa vyenye soli ya meno, vinavyobana kifundo. Mabuti marefu ya mpira yaache nyumbani; yakiingia maji yanakuwa mzigo.

Malalamiko yenu yametuonyesha kosa letu pia. Ujumbe wetu ulikuwa mfupi mno. Kuanzia sasa utataja kina cha mto cha asubuhi na cha jioni, kama unapanda au unashuka, na sehemu gani ya njia ndiyo yenye tatizo. Ukitaka kupita njia ya juu siku hiyo hiyo, jibu kwa neno moja tu, "juu", nasi tutakungoja darajani saa ile ile.