Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira na Miundombinu ya Baraza la Jiji: njooni msombe lile tope

Mheshimiwa Mwenyekiti, pokea salamu zangu pamoja na heshima zote unazostahili. Natumaini wewe na familia hamjambo, na huko mnakokaa maji hayajaingia ndani.

Naandika hadharani kwa sababu zile barua za kawaida nimeona mwisho wake ni masjala. Zinagongwa muhuri mzuri wa "imepokelewa", unapewa nakala yako, unarudi nyumbani nayo, ndo imetoka hiyo. Sasa hii wasome na wengine.

Wiki iliyopita jioni, mvua ikiwa imekatika tu, bibi mmoja jirani yetu kagongwa na pikipiki hapa hapa kwenye kona. Nyonga imevunjika, yuko wodini mpaka naandika hivi, na kwa umri wake nyonga sio mchezo. Kijana wa pikipiki ndo kila mtu anamlaani, mi mwenyewe nilimpigia kelele. Lakini tukae tuulizane, Mheshimiwa, yule bibi alifuata nini katikati ya barabara? Njia ya waenda kwa miguu ipo, ilijengwa, mlikata na utepe. Shida ni kwamba juu ya hiyo njia kuna kilima cha tope na taka, tope mlilolichimba nyie wenyewe kwenye mtaro, mkalimwaga pembeni mkaondoka. Bibi wa watu asingeweza kulipanda, upande wa pili kuna mtaro uko wazi, kwahiyo akashuka barabarani kama tunavyoshuka wote, watoto wa shule, kina mama na mizigo, mlemavu wa kiti anayekaa nyuma ya msikiti naye anashuka hapo hapo tena magari yakimjia usoni.

Hilo tope lina historia yake, ngoja niikumbushe kamati maana najua mna mambo mengi. Kabla ya masika walikuja vijana na makoleo, wakafunua mifuniko ya mtaro, wakazibua. Tulifurahi, sikatai, wengine tuliwapa maji ya kunywa. Tukaambiwa tope likikauka kidogo gari litakuja kulisomba. Likakauka. Likaota majani. Halafu watu nao, maana gari la taka siku hizi linakuja likijisikia, wakaona kumbe hapa pameshakuwa jalala, wakaanza kutupia mifuko yao usiku. Mtu akichoma asubuhi moshi unaingia kwangu. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, sehemu ya lile tope pamoja na mifuko, chupa na nepi za watoto vikarudi kule kule vilikotoka, yaani ndani ya mtaro, na maji yakakosa pa kwenda yakaja kwangu.

Mimi ni fundi cherehani. Na katika ufundi wangu hii ni sawa na nifumue suruali ya mteja, nimkabidhi vipande kwenye mfuko halafu nimdai hela ya kushona. Angenipeleka serikali ya mtaa siku hiyo hiyo.

Nahisi, na hapa nabahatisha, mkataba wa mkandarasi umeandikwa "kuzibua" peke yake, kusomba ni mkataba mwingine, labda wa mtu mwingine, labda haujasainiwa. Au fungu la mafuta ya gari limeisha. Au kulikuwa na haraka ya kumaliza hela kabla mwaka wa fedha haujafungwa, tukachimba tu ili ripoti iseme mita kadhaa zimezibuliwa. Kama nakosea nisahihisheni, nitafurahi sana kusikia sababu yoyote ile maana mpaka sasa hatujapewa hata moja.

Ninachokijua bila kubahatisha ni hiki: kwenye kamati yako haya mambo matatu yako kwenye ajenda tatu tofauti. Taka wanajibu watu wa afya, mafuriko wahandisi, ajali mnasema hiyo ni polisi wa usalama barabarani. Nilikaa kwenye kikao cha wazi nikasikiliza kwa masikio yangu. Mtu wa taka alisema lile tope sio taka za majumbani, ni udongo wa mtaroni. Mhandisi akasema mtaro wake umeshazibuliwa, kilichoko nje ya mtaro hakimhusu. Wa barabara akasema njia ya waenda kwa miguu haina tatizo la kiufundi, imezibwa tu. Imezibwa tu! Kisha ikaandikwa kwamba kamati imepokea taarifa na kuielekeza kwa wataalamu. Wataalamu si ndo hao watatu walioketi pale jamani?

Sasa niseme kidogo kuhusu mtaro wenyewe, maana kuna mjumbe mmoja alisema kwa sauti kabisa kwamba mtaro uliojaa nusu bado unabeba nusu ya maji kwahiyo tusitie chumvi. Haubebi nusu Mheshimiwa. Muulize mhandisi wako yeyote. Maji yakiwa na kina kidogo yanasuguana na chini na kuta kwa nguvu zaidi na yanakwenda polepole, ndo maana mtaro ukijaa tope hadi nusu uwezo wake unashuka chini ya nusu, tena sana. Hapo bado hujaweka mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa kalavati. Na plastiki sio hadithi ya kutunga. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko laini mwaka 2002 baada ya kuonekana ilivyoziba mifereji kwenye mafuriko makubwa ya 1988 na 1998. Mumbai tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha milimita 944 kwa siku moja, nakubali kwa mvua ile hakuna mtaro ungehimili, lakini hata kule mifereji iliyoziba ililaumiwa. Sisi hapa hatujapata hata robo ya mvua hiyo na tayari tunaogelea, kwahiyo tafadhali mkisimama kwenye maiki msituambie ni mabadiliko ya tabianchi peke yake. Tabianchi haikumwaga tope njiani.

Maji yalipoingia kwangu yalifika juu ya pedali. Cherehani mbili za mota zimeungua, ovaloki ndo usiseme, na ile ovaloki bado nadaiwa. Vitambaa vya watu vimelowa maji ya chooni maana mnajua mtaro huo unapitisha nini. Sare za shule nilizokuwa nimekata tayari, wazazi wamelipa nusu, zote zina doa la kijani halitoki hata kwa jiki. Wazazi hawataki kusikia habari za kalavati, wanataka sare, na wana haki yao. Msaidizi wangu amepata vidonda miguuni kwa kushinda anachota maji, daktari akamwambia ajihadhari na homa ya mgunda kwa sababu mkojo wa panya uko humo humo. Usiku silali, mvua ikigonga bati nakaa kitandani nasikiliza kama mtaro unapiga kelele au umenyamaza. Ukinyamaza ujue umeziba. Mke wangu anasema tuhame, tuhamie wapi na deni? Mwenye nyumba naye kapandisha kodi eti eneo lina barabara ya lami.

Hiyo lami nayo. Tangu iwekwe magari yanapita hapa kama yanakimbizwa. Tuliomba matuta, tuliomba kivuko kichorwe upya maana kile cha zamani kimefutika, tuliomba kibao cha kilomita 30 kwa saa karibu na shule. Jibu likawa matuta yanaharibu magari. Sawa. Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu na waendesha baiskeli na pikipiki, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ajali ndo inaongoza kuua kuliko ugonjwa wowote. Wanasema pia mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inaongezeka kwa asilimia 4. Na Februari 2020 mataifa yalikutana Stockholm yakatoa azimio kwamba pale watu wanapochanganyika na magari mwendo usizidi kilomita 30. Sijui kama kamati yako inasoma vitu hivyo, mi nimevisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka nikisubiri mashine ikauke.

Halafu mkumbuke jambo jingine. Maji yakifunika barabara huoni mtaro uko wapi. Ile mifuniko waliyofunua wale vijana, mingine ilivunjika ikaachwa, mingine nadhani imeuzwa chuma chakavu, sijui, haipo tu. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 yanaweza kuisukuma gari ndogo. Sasa mtoto wa darasa la kwanza anapita humo na begi mgongoni, na chini yake kuna shimo asiloliona. Tumeweka tawi la mti na tairi bovu kuonyesha kwamba hapa ni shimo. Hiyo ndo alama ya usalama barabarani tuliyonayo, imewekwa na wananchi, haikupitia zabuni.

Mlikuja kutembelea, siwezi kusema hamkuja. Mlikuja na vizibao vya kung'aa na mabuti mapya kabisa hata lebo hazijabanduliwa, mkapiga picha mkiwa mmesimama karibu na lile tope, mmoja wenu akaliegemea koleo. Ukatuahidi mbele ya watu wote, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwamba "ndani ya siku saba hapa patakuwa peupe". Watu walipiga makofi. Mi pia nilipiga. Zile siku saba zimepita zikazaa nyingine na nyingine, na tope limeongezeka kimo. Nasikia sasa kuna mpango mkubwa wa mifereji ya kisasa, mshauri mwelekezi ameajiriwa, kutakuwa na semina. Hongereni. Lakini kama tope la sasa hamuwezi kulitoa, huo mfereji wa kisasa nao mtauzibua mkamwaga wapi?

Najua mtasema wananchi ndo wanaotupa taka ovyo. Wapo, tena wengine nawajua na tumegombana. Ila mtu aliyelipia gari la taka, akasubiri, mfuko ukaoza mlangoni, nzi wakajaa, unataka aulalie? Nendeni mkawapige faini, sawa, lakini anzeni na gari kufika. Na huyo aliyemwaga tope njia nzima na kuwashusha watu barabarani, faini yake anampelekea nani?

Nilikuwa nimepanga kuandika maombi mengi. Matuta, kivuko, taa, ratiba ya gari la taka ibandikwe watu waione, mtu mmoja mwenye namba ya simu anayejibu kwa mambo yote matatu badala ya kututembeza ofisi hadi ofisi, mifuniko, fidia ya mashine zangu, matibabu ya bibi. Nimeyapunguza. Nikiorodhesha kumi mtaunda kamati ndogo ya kuyachambua, itaomba posho, itatembelea tena na mabuti.

Naomba moja. Sombeni lile tope mliondoe, mkalitupe dampo, sio kulisogeza upande wa pili. Ni kazi ya gari moja kwa nusu siku, wenyeji tuko tayari kupakia kwa mikono yetu, makoleo tunayo. Na kuanzia sasa mkizibua mtaro popote pale, tope liondoke siku hiyo hiyo na mfuniko urudi siku hiyo hiyo, mkandarasi asilipwe mpaka mtu wenu aje aone njia inapitika. Basi. Hilo halihitaji mshauri mwelekezi.

Tope, Mheshimiwa. Kikao chenu kijacho nimesikia ni Jumanne, na wanaofuatilia hali ya hewa wanasema mvua inarudi mwisho wa wiki hii, kwahiyo msisubiri Jumanne. Leteni gari kesho, hata kesho kutwa. Mkifika mpitie kwangu, nitawaonyesha pa kuliegesha lisizibe barabara.

Wako mtiifu bado,
Fundi cherehani wa pale konani