Dimbleby ni wa kufahamika kwa watangazaji wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie Richard Dimbleby, mtangazaji wa Uingereza ambaye vijana wanaojifunza utangazaji hapa Mbeya wangenufaika sana kumfahamu.

Alizaliwa mwaka 1913, akaanzia kazi magazetini, akajiunga na BBC mwaka 1936, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipozuka akawa mwandishi wake wa kwanza wa vita. Januari 1943 alipanda ndege iliyokwenda kuishambulia Berlin, akasimulia redioni aliyoyaona. Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni Aprili 1945, alipoingia katika Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi nchini Ujerumani iliyokuwa imetoka kukombolewa, akakuta maiti na mahututi wamelala pamoja chini, pasipo kujulikana yupi ni yupi. Wakubwa wake walisita kuirusha taarifa hiyo, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuiamini. Alipotishia kujiuzulu, ikarushwa.

Baadaye alitangaza kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II mwaka 1953 na maziko ya Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, Januari 1965, wakati huo akiugua saratani. Mwaka huohuo aliruhusu ugonjwa wake utangazwe waziwazi, ilhali wengi waliuficha, na kwangu huo nao ni ujasiri wa kazi. Alifariki Desemba, akiwa na umri wa miaka 52.

Naviomba vituo vya redio vya Mbeya na Iringa viwawezeshe vijana wao kufika vijijini na kujionea, kabla ya kusoma taarifa ya mazao au mafuriko iliyoandikwa ofisini.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya