Shangazi, hili sijamwambia mama

Leeds, Uingereza

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hapo Tanga nyote hamjambo na goti lako limetulia. Mimi sijambo sasa. Nasema sasa kwa kuwa kuna jambo nimelificha tangu Januari. Nakwambia wewe, maana ndiwe somo yangu, uliyenifunda nilipovunja ungo.

Nilikaa miezi minne bila kuingia mwezini. Usishtuke, si mimba. Hiyo ndiyo waliyoipima kwanza.

Masomo ya uuguzi huku yana saa 2,300 za mafunzo kwa vitendo, na zamu yangu moja huchukua muda wa saa kumi na mbili. Nilikuwa natoka usiku nimechoka, nanywa chai na biskuti, nalala. Pesa ya chakula niliibana ili kodi ya chumba itimie. Kilo 58 nilizotoka nazo nyumbani zikawa 47. Kila aliyeniona kwenye simu alisema nimependeza, nami nikafurahi.

Siku moja wodini nikamuuliza mgonjwa: "Siku zako za mwisho uliziona lini?" Akanitajia tarehe papo hapo. Nikaandika, kalamu mkononi, nikagundua mimi mwenyewe sina jibu.

Nina urefu wa mita 1.63. Daktari alipolinganisha uzito na urefu alipata 17.7, na mtu mzima hatakiwi kushuka chini ya 18.5. Mwili ukikosa chakula cha kutosha, ubongo hupunguza ishara zinazoamsha vifuko vya mayai. Yai halikomai, hedhi haiji. Lililonitisha zaidi ni mifupa. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikipungua, mifupa hukosa kinga, nayo katika umri wangu huu ndiyo bado inajijenga. Haya nimeyasoma darasani, Shangazi, na bado sikujiona.

Wala si wembamba peke yake. Rafiki yangu wa darasani ana mwili mkubwa, homoni zake zimevurugika, na hedhi yake hupotea hata miezi miwili. Yeye ameambiwa akipunguza hata asilimia 5 ya uzito huenda ikamsaidia, lakini kwa kula vizuri, si kwa kushinda njaa.

Sasa mdogo wangu anaanza chuo cha uuguzi, na ameniandikia kwamba ameacha kula usiku apunguze mwili. Nakuomba umwite chumbani, ufunge mlango, uzungumze naye kama ulivyozungumza nami. Abebe hotipoti. Ale kunde, mchicha, dagaa, na akamulie ndimu, maana ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai ya rangi aisubirishe kama saa moja baada ya kula, kwa sababu huyazuia madini hayo, na kila mwezi damu inaondoka nayo. Tarehe zake aziandike kwenye daftari. Miezi mitatu ikipita kimya aende hospitali, hata kama anajua hana mimba.

Mimi nimefika kilo 52. Jumapili napika kunde sufuria kubwa, nazigawa kwenye vyombo vya wiki nzima. Tarehe 9 mwezi huu niliingia mwezini. Tumbo liliniuma hadi nikalia, na huku nalia nilikuwa nafurahi. Wewe ndiye wa kwanza kukuambia.

Mama nitamwambia mwenyewe, nikimpigia Ijumaa.

Mwanao