Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma: huyu "mtu yeyote" ni nani?

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, na kila Jumatatu asubuhi huwa kwenye benchi la korti moja ya huku kwetu. Jumatatu ndiyo siku ya waliokamatwa wikendi. Wanawake hushushwa kwenye karandinga na nguo za Ijumaa usiku, wakiazimana leso mlangoni ili wajistiri kabla ya kuingia. Karani husoma: kuzurura kwa nia ya ukahaba. Mmoja baada ya mwingine hujibu, "Ni kweli." Hutozwa faini, akaitwa mwingine.

Nimewauliza wengi kwa nini wanakiri. Wengi huniambia kuhusu mtoto aliyeachiwa jirani tangu Ijumaa. Ukikana, unapangiwa tarehe, na pesa za dhamana huna. Kwa hiyo hukiri ili afike nyumbani kabla mtoto hajalala njaa siku ya nne.

Na kosa lenyewe ni lipi? Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, tuliyoirithi kwa wakoloni, inawaadhibu wanaoishi kwa mapato ya ukahaba, vifungu vya 153 na 154, na wanaoendesha madanguro, kifungu cha 156. Sikioni humo kifungu kinachosema mtu mzima akiuza mwili wake mwenyewe ametenda jinai. Wanaopandishwa karandinga hukamatwa kwa kanuni ndogo za miji, kama zile za Nairobi za mwaka 2007 zinazokataza kuzurura au kushawishi watu kwa ajili ya ukahaba. Nia hiyo inaonekanaje kwa macho? Kanuni haisemi. Askari huisoma kwenye urefu wa sketi, kwenye saa ya usiku, na zaidi ya yote kwenye mkoba. Kondomu zikipatikana, basi ushahidi umepatikana. Ni kondomu zizo hizo zinazogawiwa bure kwenye zahanati za serikali. Mama mmoja aliniambia siku hizi hazibebi tena. Mheshimiwa, sentensi ile imenikosesha usingizi.

Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliambiwa kwamba kanuni ya aina hii inawabagua wanawake. Ilikataa hoja hiyo, kwa kuwa kanuni imeandikwa "mtu yeyote". Maandishi ni hayo, sibishi. Lakini kwa muda wote niliokaa kwenye lile benchi sijamwona mteja hata mmoja kizimbani. Mwanamume aliyesimamisha gari huendelea na safari yake. Wapo pia wanawake wasiofika kortini, wale waliokuwa na kitu kidogo cha kutoa palepale barabarani. Anayebaki kusomewa mashtaka ni yule ambaye usiku ule hakupata mteja.

Kuna msichana nisiyeweza kumsahau. Kituoni aliandikisha miaka 19, akaniambia baadaye ana 16. Aliongeza umri kwa kuogopa kwamba mama yake ataitwa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 15, inamwadhibu mtu mzima anayemwingiza mtoto katika ukahaba. Asubuhi ile hakuna aliyemuuliza ni nani aliyemtoa kijijini. Alitozwa faini, na aliyemlipia ni mtu aliyekuwa akimngoja nje ya lango, ambaye mimi sikuridhika naye hata kidogo.

Wakazi wanalalamika, nami naishi mtaa huohuo. Hakuna mzazi anayetaka danguro karibu na shule. Mwenye danguro ana kifungu chake, na katika korti ile bado namngoja.

Malawi, mwaka 2016, Mahakama Kuu ya Zomba ilifuta hatia za wanawake 19 waliokuwa wamekiri kuishi kwa mapato ya ukahaba. Ilisema kifungu kile kiliwalenga wanaowanyonya wanawake, si wanawake wenyewe. Na hapa jirani Arusha, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake hazipatani na Mkataba wa Afrika.

Ibara ya 157(11) ya Katiba inakutaka uzingatie maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya utaratibu wa kisheria. Naomba uwaandikie waendesha mashtaka wako waraka wa ukurasa mmoja tu. Kondomu isiwe ushahidi. Asisomewe mashtaka ya kuzurura mtu ambaye hati yake ya mashtaka haitaji alichofanya, mahali na saa. Na msichana mwenye sura ya mtoto akiletwa, umri wake uthibitishwe kwanza, halafu atafutwe aliyemleta mjini.

Nakala nitaibandika mwenyewe kwenye ubao wa korti, wakiniruhusu.

Wako kwa heshima,
Msaidizi wa kisheria, Pwani