Barua ya wazi kwa walimu wa Historia mnaojiandaa kuomba uzamili

Wanangu mnaofundisha Historia sekondari na mnaopanga kurudi chuoni,

Salamu zenu nimezipokea, marahaba. Nawaandikia wote kwa pamoja kwa kuwa maswali yenu yanafanana: GPA yangu inatosha? Msimamizi nimpateje? Ni maswali ya haki, ila si hayo yanayowakwamisha watu. Wengi humaliza kozi za mwaka wa kwanza vizuri, kisha tasnifu inawalaza miaka, na chanzo karibu kila mara ni kimoja: mada ilichaguliwa kabla mtu hajajua majalada yake, yaani mafaili ya nyaraka za zamani, yako wapi.

Sifa nizipitie haraka. Vyuo vya Tanzania kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza ya daraja la pili, yaani GPA isiyopungua 2.7 kwa kipimo cha 5. Aliyesoma nje ya nchi aanze mapema kutambuliwa cheti chake na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla hajalipa ada. Anayeondoka kituoni bila barua mkononi atahesabiwa mtoro, hata kama mkuu wa shule alimwambia "nenda tu".

Kwa msimamizi, soma kwanza makala zake mbili, kisha mwandikie aya tatu: swali lako, mahali na miaka, na nyaraka unazotarajia kutumia. Barua pepe inayosema "naomba unisimamie, mada utanipa" haijibiwi, na mimi simlaumu asiyeijibu.

Sasa mada yenyewe. "Historia ya Ujamaa Tanzania" si mada, ni rafu nzima ya maktaba. "Ugawaji wa maji katika vijiji viwili vya wilaya moja baada ya Operesheni Vijiji, 1974 hadi 1985" ni mada, kwa sababu unaweza kutaja nani aliandika juu yake: idara ya maji ilitoa taarifa, vijiji viliandika mihtasari ya vikao, na wahusika bado wapo. Pigeni hesabu ya umri kabla ya kuahidi mahojiano. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa amevuka 70, na wengi wao wanakumbuka vizuri. Aliyekuwa na umri huo mradi wa karanga wa Waingereza ulipoanza mwaka 1947 huko Kongwa leo anakaribia mia. Mwenye mada ya mradi ule asiandike kwenye pendekezo kwamba atahoji wazee ishirini, atategemea karatasi.

Na karatasi zina tabia zake. Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina majalada ya Sekretarieti ya Waingereza (ofisi kuu ya serikali ya kikoloni), vitabu vya wilaya (kumbukumbu za maofisa wa kikoloni wilayani), na majalada ya Wajerumani yanayoanza na herufi G. Hayo ya G mengi yameandikwa kwa mwandiko wa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Usichukue mada ya kabla ya 1914 kwa kutegemea programu ya kutafsiri. Asiyejua Kijerumani lakini anapenda zama za ukoloni atafaidi gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923 kwa Kiswahili na kubeba barua za wasomaji ambazo bado hazijachimbwa vya kutosha. Kwa Zanzibar, nyaraka ziko Kilimani.

Majalada ya baada ya uhuru ndiyo yenye mtego. Kisheria, jalada hufunguliwa likifikisha miaka 30, lakini la kufunguliwa ni lile lililokwisha kuhamishiwa Nyaraka. Mengi bado yako kwenye stoo za mikoa na halmashauri, mengine mchwa wamekwisha kuyahitimisha. Kwa hiyo kabla ya kuandika pendekezo, tenga siku tatu ukae na orodha za majalada, uombe kumi uyashike kwa mkono. Kuona namba kwenye orodha hakutoshi. Jalada linaweza kuwemo kwenye orodha na lisiwemo kwenye rafu. Ukipata matatu tu kati ya kumi, badili mada wiki hiyohiyo.

Vibali vya utafiti hufuata ngazi: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Wilaya, kisha mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Beba nakala za kutosha, maana kila ofisi hubaki na yake. Zanzibar ina kibali chake, na anayevuka kwenda Kenya ataomba NACOSTI, tume ya huko ya sayansi na teknolojia.

Ndani ya chumba cha kusomea, piga picha ya gamba la nje la jalada kwanza, ndipo karatasi za ndani. Picha mia nne zisizo na namba ya jalada hazifai kwa tanbihi hata moja. Andika mkusanyo, namba ya jalada, namba ya karatasi, nani alimwandikia nani, na tarehe. Fanya hivyo jioni ileile.

Mahojiano, saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kunukuu, yaani kuiandika neno kwa neno. Anayerudi na sauti za saa thelathini ambazo hajaanza kuzinukuu amejitafutia miezi. Mwulize mzee alikuwa wapi siku ile na alifanya kazi gani, si "ukoloni ulikuwaje?", maana hapo atakujibu kilichomo kwenye vitabu vya shule. Tasnifu ikiwa ya Kiingereza, hifadhi maneno yake ya Kiswahili kwenye kiambatisho. Mtahini akitilia shaka tafsiri, utakuwa na cha kumwonyesha.

Msingoje kumaliza utafiti ndipo mwandike. Sura moja isukwe kutoka kwenye majalada ya mwezi wa kwanza, mbovu hivyohivyo, impe msimamizi kitu cha kuchora kalamu nyekundu. Mapitio ya maandiko yasiwe orodha ya "fulani alisema, fulani alisema"; yaoneshe wanabishana juu ya nini, na wewe unaingilia wapi.

Ripoti ya mtahini wa nje ikirudi na masahihisho, tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema, ulichofanya, ukurasa. Usipokubaliana naye, andika sababu kwenye safu ya pili badala ya kunyamaza. Bodi husoma jedwali hilo kabla ya tasnifu, na aliyelileta likiwa na mapengo hurudishwa muhula mzima.

Mzee wenu